Ndani ya Geti: Lori, Dizeli na Usalama kwenye Barabara za Binafsi Kigoma na Tabora

Lori likishapita geti la shamba, la machimbo au la kambi ya ujenzi, mambo mengi yanabaki nje. Trafiki hayupo. Mizani ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, haipo. Kibao cha 50 hakipo, na hata kikiwepo hakuna tochi ya kumnasa anayekipuuza. Kuna vumbi, kuna foromani anayetaka tripu zitimie kabla giza halijaingia, na kuna dereva aliyezoea kusema humu ndani ni kwetu, hakuna wa kutusumbua.

Kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba barabara ya ndani ni nyepesi kuliko barabara kuu. Mimi naamini kinyume chake. Barabara kuu ina mhandisi aliyeichora, sheria inayoisimamia na polisi anayeilinda. Barabara ya binafsi ina mwenyewe tu. Asipoamua yeye mwendo uwe kiasi gani, mzigo uwe kiasi gani na mashimo yazibwe lini, hakuna mwingine atakayeamua. Jambo ninalotaka kulifungua hapa ni kwamba kwenye barabara za aina hii usalama na dizeli ni hesabu moja, na nusu ya hesabu hiyo haiko kwenye mguu wa dereva. Iko kwa mwenye barabara.

Barabara zenyewe ni nyingi kuliko tunavyodhani. Urambo, Kaliua na Sikonge kuna njia za mashamba zinazofika hadi kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na maghala yake. Uvinza kuna chumvi. Karibu kila wilaya ina machimbo ya kokoto na moramu, yaani changarawe ya kujengea barabara. Ujenzi wa reli ya SGR kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, unahitaji kambi, machimbo na njia za kufikia tuta la reli. Sojo kule Nzega kilijengwa kiwanda cha kuandaa mabomba ya mradi wa EACOP, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga, na mabomba hayo yaliingia na kutoka juu ya magari. Ongeza viwanja vya mbao, yadi za mizigo na maghala ya mjini.

Dizeli inayochomwa kwenye njia hizo nayo imesafiri. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na gharama ya safari hiyo imo ndani ya bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Lita inayopotea shambani Kasulu ni ghali kuliko lita inayopotea Kibaha, jirani na Dar es Salaam.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Geti halimtoi mwajiri kwenye wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa watu wake kazini, na kwa dereva wa tipa la machimbo, barabara ya machimbo ndiyo kazini. Tena njia nyingi tunazoziita za binafsi zinapitwa na bodaboda, wachunga ng'ombe, akina mama wenye kuni na watoto wa shule. Hao hawakuajiriwa na mtu, hawana kofia ngumu wala fulana ya kung'aa, na hawajui ratiba ya malori.

Dizeli huishia wapi

Tuchukue lori lenye uzito wa tani 30, gari na mzigo wake. Dereva yuko kwenye kilomita 60 kwa saa, anaona shimo au tuta, anakanyaga breki mpaka 20, anavuka, kisha anakanyaga mafuta arudi 60. Nguvu iliyokuwa ndani ya mwendo ule imegeuka joto kwenye madrumu ya breki na imepotea. Ili kuirudisha, injini inahitaji zaidi ya robo lita ya dizeli. Dereva mwingine anafika kwenye shimo lilelile akiwa na kilomita 40 na kushuka mpaka 20. Huyu anapoteza kama sehemu ya kumi ya lita tu. Njia yenye mashimo 10 inamgharimu wa kwanza karibu lita 3 kwa breki peke yake, na wa pili lita 1. Hiyo ni tripu moja, upande mmoja.

Sababu ni kwamba nguvu ya mwendo haiongezeki sambamba na spidi. Spidi ikizidi mara moja na nusu, nguvu inazidi mara mbili na robo. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoamua lori litasimama wapi. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari mpaka mguu ufanye kazi. Kwenye moramu kavu, lori lililo kwenye 40 litasimama baada ya mita 35 hivi, ukijumlisha muda wa kushtuka. Kwenye 60 litahitaji kama mita 65. Mvua ikinyesha udongo ukateleza, 60 hiyo inaweza kudai karibu mita 100. Mtoto anayetokea kwenye tumbaku iliyokomaa haonekani kutoka mita 100.

Anayefaidi bila kutumia chochote ni dereva anayetazama mbali. Lori la tani 30 likiwa kwenye 40 juu ya moramu, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta mita 150 hadi 200 kabla ya shimo, lenyewe litapungua hadi karibu na 20 bila breki kuguswa. Mita hizo zote lori limetembea kwa nguvu iliyokwisha kulipiwa, breki haijalika, na dereva amepata muda wa kuona kama kuna mtu kichakani. Madereva wazoefu hufanya hivi bila kuambiwa. Ukipanda nao unasikia injini ikinyamaza kabla hujaliona tuta.

Mambo mengine ya mguu na gia yanajulikana, nitayapitia haraka. Injini kubwa ya dizeli hufanya kazi vizuri kwenye eneo la kijani la saa ya mizunguko, kwa magari mengi kati ya 1,000 na 1,500 kwa dakika. Kuvuta gia mpaka injini ilie hakuongezi nguvu ya kuvuta, kunaongeza moshi. Lori lililosimama linanguruma kwenye foleni ya kupakia linakunywa kati ya lita 2 na 3 kwa saa bila kusogeza hata gunia. Injini yenye tabo (turbo) inahitaji dakika chache za kupoa kabla ya kuzimwa, lakini dakika chache si nusu saa.

Barabara yenyewe nayo inakunywa

Hapa ndipo ninapotaka wenye mashamba na wakandarasi wasikilize, kwa sababu ndipo penye fedha nyingi na ndipo wanapopasahau.

Tairi likizunguka juu ya ardhi, ardhi inalizuia kidogo. Kwenye lami nzuri kizuizi hicho ni kama asilimia 1 ya uzito wa gari. Kwenye moramu iliyoshindiliwa vizuri ni kama asilimia 2. Kwenye kichanga kilicholegea, kile cha miombo ya Tabora ambacho kila dereva wa huku anakijua, kinaweza kufika asilimia 10. Wahandisi wa machimbo wana kanuni nyepesi: kila asilimia 1 ya kizuizi ni sawa na kupanda mlima wa asilimia 1. Maana yake lori linalotembea kwenye kichanga tambarare linapanda mlima wa mita 10 kwa kila mita 100, na mlima huo hauna kilele.

Kwa lori letu la tani 30, kilomita moja ya lami inadai kama robo lita kwa ajili ya kizuizi hicho peke yake. Moramu iliyoshindiliwa inadai karibu nusu lita. Kichanga kilicholegea kinadai zaidi ya lita 2. Hakuna dereva duniani, hata awe mpole vipi kwenye mafuta, anayeweza kuokoa kwa mguu wake kile ambacho kilomita 3 za kichanga zinakinywa. Ukimtuma kwenye mafunzo ya udereva bora halafu ukamrudisha kwenye njia ileile, umemtwisha mzigo usio wake.

Na kichanga kinaua kwa namna yake. Dereva akiogopa kunasa, anaingia kwa kasi. Usukani unakuwa mwepesi, matairi ya mbele yanafuata mapito ya magari yaliyotangulia, na akikutana na gari jingine hawezi kutoka nje ya mapito hayo bila kuyumba. Anayeendesha kwa kasi mahali pale si mkorofi. Barabara imemlazimisha.

Dawa yake si lazima iwe lami. Barabara ya moramu inataka mgongo katikati, wenye mteremko wa asilimia 4 hadi 5 kuelekea pembeni, ili maji yatoke na yasikae. Inataka mitaro iliyo wazi, na makalavati yasiyozibwa na majani. Inataka moramu imwagiwe maji ipate unyevu na kushindiliwa, kwa sababu moramu iliyomwagwa kavu na kuachwa hupeperuka vumbi msimu mmoja. Greda ni ghali kulikodi, lakini kati ya greda moja na jingine trekta la shamba linaweza kuburuta boriti ya chuma au matairi chakavu yaliyofungwa pamoja, likasawazisha mawimbi, yale matuta ya mfululizo yanayotikisa gari, yakiwa bado madogo. Mawimbi yakishakomaa hayaondoki kwa kuburuta, yanataka greda lichimbe mpaka chini yake.

Mzigo uliozidi unaharibu barabara kwa kasi ambayo wengi hawaitegemei. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara unakua takriban kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli, yaani uzito ukiongezeka mara mbili, uharibifu unaongezeka mara 16. Ukizidisha uzito kwa asilimia 20, uharibifu haupandi kwa asilimia 20, unazidi mara mbili. Kwenye barabara kuu sheria ya Afrika Mashariki inaweka tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne na tani 56 kwa gari zima lenye ekseli za kutosha. Ndani ya geti hakuna anayepima, kwa hiyo kijiko, mashine ya kupakia, kinaongeza ndoo moja ya kokoto juu ya tipa, ili tripu zipungue. Tripu zimepungua kweli. Lakini breki zile zile sasa zinasimamisha uzito ambao hazikutengenezewa, na barabara inayovunjika ni yako mwenyewe. Kwenye barabara ya serikali, anayezidisha mzigo anawaachia wengine gharama. Kwenye barabara yako unajiachia mwenyewe.

Kushuka mlima

Tabora ni uwanda, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na shida yake ni kichanga na udongo mweusi wa mbuga. Kigoma ni habari nyingine. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, na ardhi ya Kasulu na Buhigwe inapita mita 1,200. Njia za machimbo na za mashamba huko zinashuka na kupanda bila huruma, nyingi zikiwa zimekatwa na katapila kwa kufuata mahali palipopitika, si mahali panapofaa.

Kuna imani iliyoenea kwamba kushuka na gia huru, yaani kutia fri, kunaokoa mafuta. Imani hii imeua watu, na hata kwenye dizeli haina faida. Gari likishuka likiwa kwenye gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Mfumo wa mafuta, wa kielektroniki au wa pampu ya zamani, unaona injini inazunguka kwa kasi kuliko inavyozunguka gari likiwa limesimama, bila kuombwa nguvu, na unakata dizeli. Matumizi yanakuwa sifuri. Ukitia fri, injini inaachana na magurudumu na lazima ijilishe yenyewe isizime. Inakunywa. Kwa hiyo anayetia fri anatumia dizeli zaidi ya anayeshuka na gia, na papo hapo ametupa breki ya injini.

Tazama kinachotokea kwenye breki. Lori la tani 30 likishuka mteremko wa asilimia 8 wenye urefu wa nusu kilomita, linateremka mita 40. Nguvu ya kuteremka huko lazima iende mahali. Isipozuiwa na injini, sehemu kubwa yake inaingia kwenye madrumu kama joto, na joto hilo linatosha kuchemsha ndoo nzima ya lita 20 ya maji. Laini za breki zikipata moto kupita kiasi zinapoteza mshiko. Dereva anakanyaga, pedali inaitika, gari haliitiki. Kwenye gari la breki za upepo kuna jambo la pili: kila kukanyaga kunatumia upepo, na kampresa inazungushwa na injini. Injini iliyo kwenye fri inazunguka taratibu, upepo unajazwa taratibu, sindano ya geji inashuka huku mlima ukiendelea.

Gia ichaguliwe juu ya mlima, kabla ya mteremko kuanza. Gia ambayo ungepandia mlima huo ndiyo ya kushukia, au moja chini yake. Eksozi breki au retada, yaani breki za ziada zisizotumia madrumu, iwashwe mapema. Breki ya mguu ikanyagwe kwa uthabiti mpaka mwendo upungue kama kilomita 10 kwa saa, kisha iachiwe ipumue, badala ya kuigusagusa njia nzima. Mwenye barabara, kwa upande wake, aweke kibao juu ya mlima kinachotaja gia, na chini ya mlima aache tuta la mchanga la kukimbilia gari lililoshindikana. Kichanga kile kinachotutesa Tabora ndicho kinachofaa kwa kazi hiyo.

Mkifika chini, kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Utingo anashuka, anazunguka gari, anasogeza mgongo wa mkono karibu na habu, yaani kitovu, ya kila gurudumu bila kuigusa. Zote zinatakiwa zitoe joto linalofanana.

"Mzee, hii ya nyuma kushoto inachoma."

"Nyingine?"

"Za kawaida. Ya katikati kulia ndiyo ya baridi kabisa."

Mazungumzo mafupi kama hayo yana habari nyingi. Habu inayochoma ina breki inayoshika muda wote au beringi inayokufa, na breki inayoshika inakunywa dizeli kila mita ambayo lori linatembea, kupanda na kushuka. Habu ya baridi ina breki isiyofanya kazi, na wenzake wanabeba zamu yake. Fundi akikaza breki zikawa sawa siku hiyo, ameokoa mafuta na ameondoa ajali kwa spana moja. Ningependa kila yadi ya Kigoma iwe na desturi hii, na utingo anayetoa taarifa asikilizwe hata kama ni kijana wa juzi.

Mzigo, vumbi na mvua

Mizigo ya huku haifanani. Marobota ya tumbaku ni mepesi ukilinganisha na ujazo wake, hivyo hupangwa juu sana. Uzito hauzidi, ila kitovu cha uzito kinapanda, na kona ambayo lori la chumvi linaipita bila wasiwasi inaweza kulilaza lori la tumbaku. Chumvi na kokoto zina shida ya upande wa pili, zinafika uzito wa mwisho wakati bodi inaonekana nusu tupu. Boza la maji lililojaa nusu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa maji yanakimbilia mbele ukifunga breki na yanakimbilia nje ya kona ukikata usukani. Boza liende limejaa au liende tupu, na likiwa halina kuta za ndani liende polepole zaidi.

Watu juu ya mzigo, hapana. Najua inavyokuwa jioni, kazi imekwisha, kambi iko kilomita 8, lori linarudi na vibarua wamechoka. Mwajiri anayewaacha wapande juu ya marobota kwa sababu ni ndani ya shamba ameamua kwamba usafiri wa watu wake hauna thamani ya gari lenye viti. Na dereva afunge mkanda humu ndani kama anavyoufunga akikaribia trafiki. Lori likipinduka taratibu kwenye mtaro, anayebaki kwenye kiti huwa na nafasi ya kutoka mzima, na anayerushwa nje hulaliwa na gari lake mwenyewe.

Kiangazi, vumbi linafanya kazi mbili mbaya. Linamficha aliye mbele, kwa hiyo lori la pili likae nyuma mpaka dereva aone barabara, si aone mkia wa mwenzake, na taa ziwake hata mchana. Pia linaziba filta ya hewa. Injini inayokosa hewa inatoa moshi mweusi na kunywa zaidi. Filta isigongwegongwe kwenye tairi kama wengi wanavyofanya, karatasi yake hupasuka na vumbi likaingia kula ringi za pistoni. Ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, au ibadilishwe.

Mvua za Kigoma na Tabora huanza karibu Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Udongo mweusi wa mbuga, wa Igunga na sehemu za Nzega, ukilowa hauna urafiki na gari zito. Loki ya difu, inayofanya magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja, iwekwe kabla ya kuingia kwenye tope, magurudumu yakiwa hayajaanza kuteleza, na itolewe kabla ya kona. Ila uamuzi wa maana zaidi si wa dereva. Ni wa mwenye barabara kufunga njia kwa saa chache baada ya mvua kubwa. Lori moja lililolazimishwa kupita kwenye tope linaacha mapito yanayojaa maji, na kesho yake barabara nzima imeharibika. Saa 4 za kusubiri ni nafuu kuliko wiki ya kuvutana kwa minyororo.

Rivasi na malipo ya tripu

Mahali ambapo lori huua mtu kwa mwendo wa kutambaa ni yadi, likirudi nyuma. Dereva haoni kilicho nyuma ya bodi. Utingo anayemwelekeza asimame upande wa dereva, aonekane kwenye kioo wakati wote, na akipotea kwenye kioo gari lisimame hapohapo. Ila njia iliyo bora ni kuondoa rivasi yenyewe. Yadi ikipangwa magari yaingie geti moja, yazunguke, yapakie na kutoka upande mwingine, hakuna wa kurudi nyuma wala wa kusubiri mwenzake atoke. Ukitazama dizeli, mzunguko huo unaokoa kuhangaika na gia ya kwanza na kuunguruma kwenye foleni. Tipa nalo lisimwage mahali penye mwinamo wa kando wala chini ya nyaya za umeme. Moramu mbichi huganda upande mmoja wa bodi, bodi inapanda, na gari linalala.

Linabaki jambo ambalo kwa maoni yangu linaongoza mengine yote, namna dereva anavyolipwa. Mahali pengi analipwa kwa tripu. Tuchukue njia ya ndani ya kilomita 12. Kwa mwendo wa 40 anaimaliza kwa dakika 18, kwa mwendo wa 60 anaimaliza kwa dakika 12. Amepata dakika 6, kisha anafika kwenye kijiko na kukuta magari manne mbele yake. Dakika 6 zimekwisha hapo, pamoja na dizeli aliyoichoma kuzipata. Anayetaka tripu ziongezeke arekebishe foleni ya kupakia kwanza. Lakini dereva anayelipwa kwa tripu hawezi kufikiri hivyo, anajua tu kwamba akipunguza mwendo mwenzake atamtangulia.

Wengine wamegeuza, wanampa dereva zawadi kwa mafuta anayobakisha. Nia ni njema, na mtego wake ni mkubwa. Ndipo mtu anapotia fri akiamini anabakisha. Zawadi ya mafuta iende pamoja na hali ya breki na matairi na rekodi ya matukio, na isimpe dereva hasara kwa barabara mbovu asiyoitengeneza yeye. Mshahara wa kueleweka, na mwendo uliowekwa wazi wa 30 au 40 unaomhusu hata bosi akiwa kwenye pikapu yake, vinafanya kazi zaidi ya matangazo yaliyobandikwa ofisini.

Kipimo cha mafuta chenyewe kifanywe kwa haki. Tangi lijazwe mpaka juu asubuhi, lijazwe tena mpaka juu jioni, na kilichoingia jioni ndicho kilichotumika. Matumizi yagawanywe kwa tani zilizobebwa, si kwa kilomita peke yake. Lori lililotumia lita 12 kubeba tani 15 limetumia lita 0.8 kwa tani, na lililotumia lita 14 kubeba tani 20, zikiwa ndani ya uwezo wake, limetumia 0.7. Ukitazama lita tu ungemsifu wa kwanza. Pale ambapo mafuta yananyonywa usiku, hesabu hizi zote hazina maana mpaka wizi ukomeshwe, na hatari yake ni kwamba dereva mwaminifu atalaumiwa kwa lita ambazo hakuzichoma.

Pamoja na daftari la mafuta kuwe na karatasi moja ya barabara. Kila dereva aandike mahali alipolazimika kukanyaga breki: shimo la karibu na mwembe, kona ya kisima, mawimbi ya kabla ya ghala. Baada ya siku chache majina yatajirudia, na foromani atajua pa kupeleka kokoto na koleo bila kukisia. Mitaro ifunguliwe Oktoba kabla ya mvua. Greda lipite mvua zikimalizika, mwishoni mwa Aprili au Mei, udongo ukiwa bado na unyevu wa kushindilika, kwa sababu likipita Agosti litakuwa linahamisha vumbi tu kutoka upande huu kwenda upande ule.